Namba ya Mke Mkubwa

Tatu aliponipigia simu kunialika kwenye arobaini ya mama yake, Bi Mwantumu, hakunipa hata nafasi ya kusema pole. "Msukuma," alisema, "Alhamisi tunamsomea mama hitma. Uje. Alituachia maneno kwamba mtani wake akikosekana, pilau lisipakuliwe." Nikamjibu kwamba nitakuja, na waandae sufuria la maana, kwa sababu mimi si wa kulishwa kwa kijiko cha chai. Akacheka, nami nikacheka, kisha nikakata simu nikalia kwa muda mrefu, nimeketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na msibani mtani hakai pembeni kujifuta machozi. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa, kudai nguo za marehemu, kuzuia chakula mpaka apewe anachotaka, na kusema mbele za watu yale ambayo mwingine akiyasema atafukuzwa. Nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba mingi ya Pwani na sikuwahi kuiona nzito. Hii ya Bi Mwantumu niliiona nzito kwa sababu nilikuwa na neno moja la kumwambia ambalo halikuwa la utani, na nilikuwa nimelibeba miaka kumi na saba bila kupata pa kulitua.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, mwenye mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja katika kiwanda kidogo cha unga pale Kibaha, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha basi cha Kwa Mathias. Nilikuwa fundi wa kompyuta, cheo ambacho kwa meneja wetu kilimaanisha kila chenye waya, pamoja na feni ya ofisini kwake na birika la chai. Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya zamani ya magunia. Kilikuwa na meza moja, dirisha moja lililotazama ukuta, na harufu ya muhogo iliyonifuata mpaka kitandani. Nilikipenda kupita kiasi. Asubuhi nilinunua chapati mbili na maharage kwa mama mmoja kituoni, nikazila mezani pangu huku nikisikia wapiga debe wakiita Mlandizi, Chalinze, Morogoro, nikajiona mtu aliyefika. Siku hizi nina ofisi yenye kiyoyozi na mafundi sita wanaosubiri niseme neno, na bado sijawahi kujiona nimefika kama nilivyojiona ndani ya stoo ile. Nilikuwa pia na kiburi, kile cha kijana aliyesoma kitu ambacho wakubwa wake wanakiogopa. Nakikumbuka kwa aibu kidogo, na kwa kweli nakikumbuka kwa mapenzi pia.

Kazi iliyonipeleka kwa Bi Mwantumu ilianzishwa na panya. Kiwanda kilikuwa na tawi Marui, Kisarawe ya ndani, karibu na mashamba ya muhogo. Huko walisaga na kufungasha unga wa aina mbili: muhogo mtupu, na unga wa lishe uliochanganywa na korosho. Kila aina ilikuwa na chumba chake na printa yake ya lebo. Hizi hazikuwa printa za ofisini. Yalikuwa masanduku ya chuma ya kubebwa na watu wawili, yanayomeza utepe wa wino na roli nene la lebo, kisha yanatema lebo moja moja: jina la unga, vilivyomo, siku uliosagwa, siku ya mwisho wa kutumika. Ziliungwa kwa waya na kompyuta ya karani, na waya huo ulipita ukutani kutoka chumba hadi chumba. Basi unga huingia kila mahali, na panya wa Marui waligundua kwamba waya uliopakwa unga ni chakula. Tukabadilisha waya, wakala. Tukauingiza kwenye bomba la plastiki, wakala bomba kisha wakala waya. Meneja akaniita, akaniuliza kama kuna waya ambao panya hawali. Nikamwambia upo, ule usiokuwepo. Alinitazama kwa muda, akijiuliza kama nimemkosea adabu, kisha akasema, "Haya, nenda kaufunge huo."

Nikaanza na printa za pale Kibaha, kwa kuwa zilikuwa karibu na chai yangu. Nilifunga rauta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, juu ya ukuta, nikazipa printa uwezo wa kuisikia hewani, na kila moja nikaipa anwani yake ya kudumu. Hilo la anwani nilieleze vizuri, maana ndilo lililotaka kunipoteza. Kompyuta ikitaka kutuma lebo kwenye printa fulani, inaituma kwa namba, kama mtu anavyotuma fedha kwa namba ya simu. Rauta ikiachwa yenyewe hugawa namba hizo kama karani wa dirisha la hospitali: anayewahi kufika ndiye anayepewa namba ya kwanza. Umeme ukikatika na kurudi, foleni inaanza upya, na aliyekuwa wa kwanza jana anaweza kuwa wa pili leo. Kwa hiyo fundi mwenye akili timamu huiambia kila printa: namba yako ni hii, hata dunia ipinduke. Kazi hiyo inachukua robo saa kwa printa moja, na pale Kibaha niliifanya bila haraka, chapati mkononi.

Marui nilikwenda na lori la kiwanda kwa njia ya Mlandizi na Mzenga, nikafika nimegeuka rangi ya barabara. Ghala lilikuwa refu, limepauliwa bati, na vyumba vyake vimetenganishwa kwa mbao na wavu wa chuma. Ndani kulikuwa na wanawake kumi na mmoja waliovaa magauni ya bluu na vitambaa vyeupe kichwani, wote wamepauka unga hadi kwenye kope, na mbele yao mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Huyo ndiye aliyekuwa Bi Mwantumu, msimamizi wa wafungashaji. Kila mzigo mpya ulipoanza, alivaa miwani ile, akachukua lebo ya kwanza, akaisoma yote kwa sauti kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kabila gani wewe, mrefu namna hiyo?"

"Msukuma, mama."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kimbilieni mashambani. Huyu katangulia, ng'ombe wako nyuma."

Nikamwambia ng'ombe nimewaacha Gwata kwa huruma, kwa sababu Uzaramoni wangekufa njaa. Mtu atapata wapi jani la kulisha ng'ombe, na wenye shamba wako ngomani tangu Jumamosi? Wale wanawake walicheka wakapigana mikono, na unga ukatimka chumba kizima. Bi Mwantumu hakucheka. Alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Anafaa," kama mtu anayechagua mbuzi, na kuanzia hapo nikawa wake.

Siku nzima alinifuata. Nilipokuwa nikizunguka ghala na simu nimeiinua juu, nikipima ni wapi mawimbi yanapita na wapi wavu wa chuma unayazuia, aliwaita wengine waje waone Msukuma anavyotafuta ndama aliyepotea. Nilipopanda ngazi kufunga rauta kwenye boriti, juu ya ule wavu ili vyumba vyote viwili vionwe sawa, aliishika ngazi kwa mikono miwili huku akinieleza kwamba nikianguka hatanililia. Kisha printa zilipoamka bila waya na kutema lebo ya majaribio, moja chumba hiki na nyingine chumba kile, alisimama, miwani puani, akaniuliza zinaongeaje. Nikamwambia zote mbili zinamsikiliza huyo aliye juu. "Kumbe ni mume wao," alisema. Tangu hapo printa ya muhogo, iliyokuwa ya zamani, ikaitwa Mke Mkubwa, na ile ya lishe, mpya na yenye kioo kinachong'aa, ikaitwa Mke Mdogo. Hata karani alianza kuandika hivyo kwenye daftari lake.

Mchana tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, tumekaa kwenye mkeka nyuma ya ghala. Naikumbuka sahani ile kuliko ninavyokumbuka vyeti vyangu. Bada ni laini na inavutika, mgeni huikimbiza kidole kwa kidole, na wale wanawake walikuwa wakinitazama pembeni kuona nitaaibika saa ngapi. Hawakujua kwamba nyumbani kwetu tumekula ugali wa muhogo toka tuote meno. Nilikata tonge, nikachovya, nikameza, nikaomba jingine, na nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu si wa kuja, huyu tuliibiwa tu." Nilikuwa bado nikilamba vidole dereva alipopiga honi. Alikuwa amekwisha pakia, na hakuna lori jingine mpaka wiki inayofuata. Zile robo saa mbili za kuzipa printa namba zao za kudumu zilikuwa bado. Nikajiambia zinafanya kazi, nitamalizia nikija tena. Nikapanda lori nimeshiba, nimefurahi, na kazi nimeiacha nusu.

Nilichopata wiki zile kilikuwa raha tupu. Bi Mwantumu alikuwa na namba yangu ya simu, akaitumia bila huruma. Jumatatu alipiga kuniambia Mke Mdogo ana mimba, kioo chake kimevimba. Nilishtuka nikaanza kumuuliza maswali ya kitaalamu, mpaka nikasikia vicheko vya ghala zima nyuma yake. Siku nyingine alisema Mke Mkubwa ametoa lebo kwa Kisukuma, wote wamekaa wanasubiri mkalimani. Nami nikampigia kumwambia serikali imepiga marufuku Wazaramo kushika mashine kabla ya kuoga. Wiki niliyotakiwa kurudi Marui kulikuwa na hitilafu Kibaha, sikwenda. Iliyofuata vilevile. Simu yake ilipolia nilikuwa nacheka kabla ya kuipokea.

Siku yenyewe alipiga saa nne asubuhi. Usiku umeme ulikuwa umekatika Marui, ukarudi alfajiri. "Msukuma," alisema, "mashine zako zimechanganyikiwa. Huku kwenye lishe zinatoka lebo za muhogo mtupu." Aliyasema wazi hivyo hivyo, hakuficha neno hata moja. Mimi nikamwambia awape talaka wote wawili aoe wa tatu. "Nakwambia kweli," alisema. Nikamwambia hata ile mimba ilikuwa kweli. Akakata simu. Alipopiga tena nilikuwa nawasimulia wenzangu, nikaiacha simu ikalia mpaka ikachoka. Nimejiuliza mara nyingi ni wapi pengine duniani fundi angeambiwa kosa lake kwa maneno mepesi namna ile, na kwa sauti ya mtu anayemwamini, akacheka. Kwetu inawezekana, kwa sababu tumefundishwa toka utotoni kwamba mtani akikwambia nyumba yako inaungua, kwanza unamuuliza kama amekwisha ota moto.

Baada ya saa moja meneja alisimama mlangoni pangu. Dereva alikuwa amempigia kwamba Bi Mwantumu ameweka kiti nyuma ya lori, amekikalia, na anasema mzigo hauondoki mpaka fundi aje. Mzigo ulikuwa unga wa muhogo mtupu wa kituo kimoja cha kulea watoto, hapo hapo Kibaha. Kituo kile kilinunua muhogo mtupu kwa sababu moja: walikuwa na mtoto ambaye akila korosho koo linavimba na pumzi inaziba, na walikuwa wametuandikia barua kutueleza hivyo. Barua hiyo niliijua. Ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, nami niliipita kila siku nikienda kutengeneza birika. Pale mlangoni, kabla meneja hajamaliza kusema, nilikwisha elewa. Mke Mdogo aliwahi kuamka, akachukua namba ya Mke Mkubwa. Karani alituma lebo za muhogo kwa namba ile ile aliyoizoea, nazo zikatokea kwenye chumba cha lishe, mikononi mwa wanawake wanaobandika mfuko baada ya mfuko tangu alfajiri, wakiendeleza mzigo wa jana ambao lebo yake ya kwanza ilikwisha somwa, na mifuko yetu yote ilikuwa ya rangi moja.

Nilikwenda na pikipiki, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu kwa lugha mbili. Nilimkuta bado ameketi kwenye kiti chake, mgongo ameuegemeza kwenye lori, miwani puani, mapajani kuna mfuko uliofunguliwa. Alikuwa ameulamba unga kwa kidole akaisikia korosho. Nilimwamkia, nikisubiri matusi, na ningeyapokea yote.

"Marahaba," alisema. "Karibu, fundi."

Ni hilo tu. Hakuniita Msukuma, hakuniuliza habari za ng'ombe. Aliinuka, akaniwekea kiti vizuri kama anavyowekewa mgeni wa wilayani, akaniuliza kama nitakunywa maji. Nimewahi kufokewa na wakubwa wengi maishani na hakuna aliyeniumiza kama alivyoniumiza yeye kwa maji yale.

Tulibandua lebo sote mpaka jua likapoa. Lebo za viwandani zimetengenezwa zisibanduke, kwa hiyo tulizilowesha kwa vitambaa vya maji vuguvugu na kuzikwangua kwa kucha, mfuko mmoja mmoja, na yeye akionja kila mfuko uliokuwa na shaka. Hakuna aliyeimba. Kabla ya hapo nilikuwa nimezima mashine zote, nikakaa sakafuni mbele ya Mke Mkubwa, nikampa namba yake ya kudumu, kisha Mke Mdogo yake. Printa hizi zina tabia moja nzuri: ukibonyeza kitufe cha kulisha karatasi na kukishikilia wakati inawaka, inachapa lebo inayojieleza yenyewe, jina lake, mtandao wake na namba yake. Nikazichapa hizo mbili, nikazibandika tumboni mwa kila mashine, mahali ambapo hata aliyesinzia ataziona. Kisha nikaenda kujificha kwenye chumba cha lishe nikijifanya napanga riboni, zile tepe za wino.

Hapo ndipo niliposikia nisichotakiwa kusikia. Meneja alikuwa amefika kwa gari lake, akasimama na Bi Mwantumu upande wa pili wa zile mbao. Alimuuliza aandike jina la nani kwenye taarifa ya kosa hilo. "Andika yeye na mimi," alisema Bi Mwantumu. "Yeye kaacha kazi nusu kakimbilia lori. Mimi nimempigia simu za upuuzi wiki nzima nzima, nikamzoesha. Leo ningekuwa mimi ndiye yeye, nisingeamini." Meneja akasema mkataba wangu ni wa majaribio, kuuvunja ni barua moja. Nilishika riboni moja mpaka wino ukanipaka viganja. "Mtoe," alisema yule mama. "Atakayekuja naye atakosea, tena atakosea hili hili. Huyu hatalirudia mpaka anaingia kaburini. Halafu ukishamtoa, mimi nitamtania nani hapa? Wewe?" Meneja alicheka bila kutaka. Barua haikuandikwa.

Lakini mbele yangu hakulegea. Wiki tano nzima nilikwenda Marui, na wiki tano nikawa fundi. Karibu, fundi. Asante, fundi. Chakula kipo, fundi. Nilimwambia kwamba Wazaramo wamekonda siku hizi kwa kukesha kwenye ngoma, akanijibu, "Inawezekana, fundi," akaendelea kukunja magunia. Wenzake nao waliacha kucheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akifungua utani. Bada ikawa inanipita kooni kama pamba. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nacho maisha yangu yote bila kukijua thamani: anayekutania amekuhesabu mtu wa kwao, na akikurudishia heshima tupu, amekutoa nje na kufunga mlango taratibu.

Juma la sita umeme ulikatika nikiwa pale pale. Ghala likanyamaza. Uliporudi, hakuna aliyekwenda kwenye meza yake. Wote kumi na wawili walisimama kwenye uwazi wa mlango unaoziona printa zote mbili, nami nyuma yao, nimeshika tumbo. Mke Mdogo aliamka kwanza, taa ikawa kijani. Mke Mkubwa akafuata kwa kujivuta kama kawaida yake. Karani akatuma. Bi Mwantumu alivaa miwani, akachukua lebo ya chumba cha muhogo, akasoma: unga wa muhogo mtupu. Akavuka kwenda chumba cha pili, akasoma: unga wa lishe, muhogo, mahindi, korosho. Akarudi, akainama mbele ya tumbo la Mke Mkubwa, akaisoma ile lebo yangu polepole, kila namba na nukta yake. "Mia moja tisini na mbili, nukta. Mia moja sitini na nane, nukta. Moja, nukta. Ishirini na moja." Akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Msukuma," alisema.

"Naam, mtani."

"Kumbe na nyinyi mnafundishika."

Sina aibu kusema nilitoka nje nikalia nyuma ya pipa la maji. Kelele za mle ndani zilifika mpaka huko, mtu anaigiza nilivyokuwa nimeshika tumbo, mwingine anaigiza mwendo wangu wa pikipiki. Niliporudi alikuwa na sharti. Utani hataki kuuacha, alisema, atazeeka haraka. Lakini tangu siku hiyo, mmoja wetu akiwa na jambo la kweli, ataanza kwa kusoma namba ya Mke Mkubwa, yote, na nukta zake. Asiposoma namba, mwingine ana haki ya kucheka. Tulipeana mikono juu ya mashine. Mkataba wangu ulipoisha nilipewa wa kudumu, na kabla mwaka haujaisha aliisoma namba ile mara tatu: roli la lebo lililoingia maji, rauta iliyojengewa kiota na mjusi, na siku mumewe alipofariki.

Asante sikumwambia. Nilitaka, Mungu anajua, lakini nilikuwa nimesikia kwa kuiba, na kwake asante ilikuwa ya wageni. Nilihama kiwanda, nikaolewa, nikanenepa, yeye akastaafu. Printa zile ziliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Tuliendelea kupigiana simu za upuuzi. Kisha mwaka huu, asubuhi moja niko sokoni nachagua nyanya, akapiga, na kabla ya salamu nikasikia: "Mia moja tisini na mbili, nukta." Nikaweka nyanya chini. Alisoma mpaka mwisho, kwa kichwa, hakukosea. "Nimetoka hospitali," alisema. "Hawajasema vizuri." Nikaketi juu ya gunia la muuzaji. "Basi, namba imeisha," akasema. "Ng'ombe hawajambo?" Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara zote mbili nilikwenda na neno langu, na mara zote mbili alinitania mpaka nikarudi nalo Kibaha.

Alhamisi ile nilifika Marui hitma inakaribia kwisha. Nilivaa kanga zake mbili ambazo Tatu aliniwekea kama haki yangu, nikatembea kwa mwendo wake, nikaning'iniza miwani yake shingoni kwa kamba ya kiatu, na wanawake walionijua toka ghalani walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha nikachukua kiti, nikakiweka mbele ya sufuria kubwa la pilau, nikakikalia, mgongo kwenye moto. Nikasema mzigo huu hauondoki. Wakaleta kuku, nikamkataa. Wakaleta kitenge, nikakataa. Tatu akaja mwenyewe, ameshika mwiko, akaniuliza mtani anataka nini basi, watu wana njaa.

Nilikuwa nimepanga kudai jogoo wa jirani. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Mia moja tisini na mbili, nukta. Mia moja sitini na nane, nukta. Moja, nukta. Ishirini na moja." Wale wa ghalani walinyamaza kwanza, kisha wengine wakanyamaza kwa kuwaona wao. Nikawaeleza kwamba siku ile nilikuwa nyuma ya mbao, nilimsikia. Alinilinda, nikaendelea kula bada yake miaka yote hii bila kumwambia. "Asante, Bi Mwantumu," nikasema, mbele yao wote, na miwani yake ikaniloa kifuani.

Tatu alijifuta macho kwa nyuma ya mkono uleule wenye mwiko. "Tumesikia, na kwa kuwa umesoma namba, tumeamini," alisema. "Sasa inuka hapo, Msukuma. Pilau linaungua."